Chombo Kilichotajwa Bei: Uhakiki wa Ukusanyaji wa Vyombo vya Kauri, kutoka Sweden hadi Kunduchi

1. Utangulizi

Katika usharika mmoja wa pembezoni mwa Temeke kilikuwapo chombo cha maua cha kauri, cha rangi ya kijani iliyokolea, kimo chake kama shubiri moja na nusu. Kililetwa miaka mingi iliyopita na wageni wa usharika rafiki kutoka Sweden. Kila Jumamosi jioni akina mama wa zamu walikiosha, wakakitia maji, wakakipamba kwa maua waliyoyachuma nyuani kwao, na asubuhi yake kikasimama madhabahuni. Hakuna aliyejua kilitengenezwa na nani, wala hakuna aliyeuliza.

Siku moja, baada ya ibada, mgeni mwingine kutoka nchi hiyo hiyo, mtu mwenye ujuzi wa mambo hayo, alikiinua chombo kile, akakipindua, akasoma alama iliyo chini ya kitako chake. Akasema kwa mshangao kwamba kwao chombo kama kile hununuliwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi. Maneno yake yalitafsiriwa mbele ya wazee wa kanisa, na sisi ndio tuliotafsiri. Jumapili iliyofuata chombo hakikuwapo madhabahuni. Kilikuwa kimefungiwa katika kabati la ofisi, pamoja na daftari za ubatizo na muhuri wa usharika.

Ndipo mama mmoja mzee alipoleta mtungi wa udongo kutoka nyumbani kwake, akautia maua na kuuweka mahali pale palipokuwa wazi. Kabla kengele ya pili haijalia, mtungi uliondolewa, kwa maelezo kwamba ni chombo cha jikoni na haustahili kukaa madhabahuni. Madhabahu ikakaa bila maua kwa majuma kadhaa, kisha yakanunuliwa maua ya plastiki, ambayo hayahitaji maji wala chombo cha kuoshwa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki desturi ya kukusanya vyombo vya kauri kwa kuanzia na tukio hilo dogo. Tungependa kuonyesha kwamba tatizo halimo katika uzuri wa chombo, wala katika upendo wa mtu kwa vitu vya kale. Tatizo limo katika saa ile bei inapotajwa, maana kwa kawaida chombo kilichotajwa bei huondolewa kazini. Nasi tulio watumishi wa Neno, ambao kila mwaka wa kanisa twahubiri juu ya vyombo vya udongo, hatuna budi kuuliza kama tunaelewa tunachokisema.

2. Jicho la mkusanyaji

Si haki kumhukumu mkusanyaji kabla ya kumwelewa. Nchini Sweden kazi ya kauri ya viwandani ina historia ndefu. Kiwanda cha Rörstrand kilianzishwa Stockholm mwaka 1726, na kile cha Gustavsberg, katika kisiwa cha Värmdö karibu na mji huo, kilianza kutengeneza vyombo katika miaka ya 1820. Karne ya 20 ilileta wasanii ambao wakusanyaji huyatafuta majina yao hata leo: Wilhelm Kåge, Stig Lindberg na Berndt Friberg wa Gustavsberg, pamoja na Gunnar Nylund na Carl-Harry Stålhane wa Rörstrand. Katika maonyesho makubwa ya Stockholm ya mwaka 1930 Kåge alionyesha vyombo vilivyoitwa Argenta, vya rangi ya kijani vyenye nakshi za fedha. Friberg alivifinyanga vyombo vyake kwa mikono yake mwenyewe kwenye gurudumu, vingine visivyozidi urefu wa kidole, akavipaka rangi yenye michirizi myembamba mfano wa manyoya ya sungura.

Mkusanyaji mwema hutazama mambo ambayo mtu wa kawaida huyapita. Hutazama jinsi bega la chombo linavyoshuka kutoka shingoni, jinsi rangi ilivyotiririka motoni na mahali iliposimama, na kama mdomo wake umenyanyuka sawasawa. Kutazama huko kwa makini ni heshima kwa kazi ya mikono. Mtu aliyekaa nusu saa na shingo ya chombo kimoja amemtazama mfinyanzi kwa namna ambayo wengi wetu hatujapata kumtazama mama auzaye vyungu kando ya barabara. Katika jambo hilo mkusanyaji ni mwalimu wetu, na tusione haya kukiri.

Hata hivyo jicho hilo lina desturi inayotutia shaka, nayo ni kwamba huanzia chini. Kabla ya kuuliza chombo kinafaa kwa kazi gani, mkusanyaji hukipindua asome alama: mchoro wa kiganja uliotumiwa na karakana ya wasanii ya Gustavsberg, herufi za jina la msanii, pengine na alama ya mwaka. Baada ya hapo hutafuta kasoro. Ufa mwembamba hushusha bei, na mdomo uliomeguka huishusha zaidi. Hata utando uachwao na maji ndani ya chombo, yaani ushahidi kwamba kiliwahi kubeba maua, huhesabiwa kuwa upungufu. Kwa kipimo hicho chombo kilichotumika ni chombo kilichopungua, na chombo kikamilifu ni kile ambacho hakijawahi kufanya kazi iliyokusudiwa na mfinyanzi wake.

Historia ya Gustavsberg yenyewe ina mfano mmoja unaofundisha. Mwaka 1917 Kåge alibuni vyombo vya mezani vyenye mapambo ya buluu, vilivyoitwa Liljeblå, kwa ajili ya maonyesho ya vifaa vya nyumbani yaliyofanyika katika jumba la Liljevalchs mjini Stockholm. Kusudi lilikuwa jema: familia za wafanyakazi wa viwandani zipate vyombo vizuri kwa bei nafuu, na vyombo hivyo vikajulikana kwa jina la vyombo vya wafanyakazi. Lakini wafanyakazi hawakuvinunua kama ilivyotarajiwa. Waliovipenda zaidi ni watu wenye elimu na kipato cha kutosha, ambao macho yao yalikwisha kuzoezwa kuuona uzuri wa kitu cha kawaida. Mwaka 1937 chama kikuu cha ushirika wa walaji cha nchi hiyo, KF, kilikinunua kiwanda chenyewe. Leo kazi za kiwanda hicho cha wanaushirika huwekwa katika makabati ya kioo na kupigwa mnada. Twaona basi kwamba hata chombo kilichokusudiwa meza ya mtu wa kipato kidogo chaweza kuitwa kutoka mezani, nacho kikaenda.

3. Bakuli za Kunduchi

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Aendaye kaskazini kwa barabara ya Bagamoyo, akaingia Kunduchi katika wilaya ya Kinondoni, atafika kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Waislamu waliotutangulia katika pwani hii. Kati yake yapo makaburi ya nguzo. Mafundi walioyajenga kwa mawe na chokaa walipachika humo bakuli na sahani za kauri zilizovuka bahari, nyingine kutoka China. Desturi hiyo inajulikana pia Kaole, karibu na Bagamoyo, mahali alipochimba mwanaakiolojia Neville Chittick mwaka 1958. Miaka mitatu kabla yake Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia kutoka Uingereza, alipita pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabia wingi wa vigae vya kauri ya China alivyovikuta, hata akaona kwamba historia ya nchi hii kwa karne nyingi imeandikwa kwa vigae hivyo.

Lakini leo mtazamaji wa makaburi ya namna hii huona mashimo ya mviringo zaidi ya bakuli. Baadhi ya bakuli za makaburi ya pwani zimepelekwa Makumbusho ya Taifa ili zihifadhiwe. Nyingine zilivunjika zenyewe kadiri chokaa ilivyochakaa, na nyingine ziling'olewa na watu waliotaka kuwa nazo, au waliojua kwamba yupo mtu mahali fulani atakayezinunua.

Mtu aweza kuuliza: je, bakuli iliyopachikwa kaburini haikuwa imekwisha kuondolewa kazini? Haitiwi wali wala mchuzi. Kwa maoni yetu ilibadilishiwa kazi tu. Katika nyumba za mawe za Waswahili kauri ziliwekwa katika vidaka vya ukutani, mgeni azione aingiapo na ajue amefika kwa watu wanaokaribisha. Sisi twaisoma bakuli ya kaburini kwa njia hiyo hiyo: inaendelea kumkaribisha mpita njia kwa niaba ya mwenye nyumba aliyelala. Haikuwa na jina la mfinyanzi ambalo mtu wa pwani angeweza kulisoma, wala hakuna aliyeipindua, maana kitako chake kimezama ndani ya chokaa. Ilitazamwa kwa mbele, kama uso utazamwavyo.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba aliyeing'oa bakuli alichukua zaidi ya kauri. Aliukata usemi wa marehemu katikati ya sentensi. Na aliyeinunua, hata kama aliiweka juu ya kitambaa safi katika nyumba nzuri, amebaki na neno moja asilojua lilisemwa na nani, likimwambia nani. Ni kweli kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, nayo inastahili kuheshimiwa. Lakini sheria hulinda kitu. Haiwezi kurudisha mazungumzo yaliyokatika.

Makumbusho tunayahukumu kwa upole zaidi, kwa kuwa huokoa kitu ambacho kingepotea kabisa, na hukiweka mahali ambapo mtoto wa shule aweza kukiona. Yapo hata makumbusho yanayojitahidi kukiacha chombo mahali pake. Katika Kijiji cha Makumbusho, pale pale Kinondoni, ambacho kimekuwapo tangu miaka ya 1960, mgeni huingia katika nyumba za jadi za makabila mbalimbali na kuona maisha ya nyumbani yalivyopangwa. Kinachoonyeshwa hapo ni nyumba, na chombo hueleweka kwa kuwa kiko nyumbani.

4. Chombo katika Maandiko

Katika mahubiri ya siku hizi neno chombo limepata sifa kubwa. Mhubiri hodari huitwa chombo. Mwimbaji mwenye kanda nyingi huitwa chombo cha Bwana. Mara nyingi andiko linalotajwa ni 2 Timotheo 2:20-21, juu ya nyumba kubwa yenye vyombo vya dhahabu na fedha, na vya mti na udongo. Msikilizaji hurudi nyumbani akiamini kwamba wito wake ni kuacha kuwa udongo ili awe dhahabu. Lakini tukisoma hadi mwisho wa aya ya 21 tunaona kwamba mtume anadai mambo matatu ya chombo cha heshima, nayo ni kwamba kiwe kimetakaswa, kwamba kimfae mwenye nyumba, na kwamba kiwe tayari kwa kila kazi iliyo njema. Neno la Kiyunani skeuos lenyewe lina maana ya kifaa, kitu kinachoshikwa ili kifanye kazi. Skeuos kilichofungiwa kabatini ni kinyume cha jina lake.

Katika 2 Wakorintho 4:7 Paulo anaisema hazina ya Injili kuwa imo katika vyombo vya udongo, kwa neno ostrakinos, ambalo ni ndugu wa ostrakon, yaani kigae. Uzito wa neno hilo twauona tukilisoma pamoja na Mambo ya Walawi 6:28. Hapo sheria yaagiza kwamba chombo cha udongo kilichopikiwa sadaka ya dhambi kivunjwe, bali cha shaba kisuguliwe na kusuuzwa. Shaba ilikuwa na bei, kwa hiyo ilistahili kusafishwa. Udongo haukuwa na bei, kwa hiyo ulivunjwa ukatupwa, na kesho yake mfinyanzi akafinyanga mwingine. Paulo, aliyeijua Torati, alichagua kwa ajili ya mtume na kwa ajili yetu chombo ambacho hakuna mkusanyaji angekitaka. Hakukichagua kwa kuwa ni duni mbele za Mungu. Alikichagua ili asiwepo mtu atakayekitazama chombo akaisahau hazina.

Andiko linalotugusa zaidi katika jambo hili ni Marko 14:3-9. Mwanamke aingia nyumbani kwa Simoni, huko Bethania, na kibweta chenye marhamu ya nardo ya thamani nyingi. Ni Marko peke yake asemaye kwamba alikivunja. Tutazame utaratibu wa tukio. Mwanamke hataji bei. Wanaoitaja ni wale waliomnung'unikia, nao waijua kwa hesabu, zaidi ya dinari mia tatu. Mbele yao bei imetajwa na chombo kimekwisha kuvunjika, hakiwezi tena kurudishwa kabatini. Na Bwana asema kwamba tendo hilo litasimuliwa popote itakapohubiriwa Injili. Hatujui kibweta kile kilifanana na nini, wala kilitoka karakana gani. Twakijua kwa sababu kilitumika hadi mwisho.

5. Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza lilitolewa na wazee wa usharika ule, na ni la haki. Walisema: ikiwa chombo kina bei, kiuzwe, na fedha zinunue mabati au ziwasaidie yatima. Hatuthubutu kulidharau wazo hilo, maana Bwana mwenyewe katika kisa cha Bethania alisema kwamba maskini tunao siku zote, na kwamba wakati wo wote tutakapo twaweza kuwatendea mema. Lau chombo kingeuzwa na yatima wakalipiwa ada, tungesema kimevunjwa kama kile kibweta, na tungeshukuru. Lakini hakikuuzwa. Kilifungiwa. Wazee waliogopa kukitumia kwa kuwa kina bei, wakaogopa kukiuza kwa kuwa ni zawadi, na kati ya hofu hizo mbili kikawa hakina faida kwa yatima wala kwa madhabahu. Hali hii ndiyo tunayoihakiki, na twaikuta pia katika nyumba zetu nyingi, pale kabati la vyombo linapojaa vikombe vya wageni ambao kwao hakuna mgeni aliyewahi kuwa mgeni wa kutosha.

Pingamizi la pili lingetoka kwa mkusanyaji. Atasema kwamba bila yeye vyombo vingi vizuri vingekwisha kuvunjwa na kusahauliwa, na kwamba uzuri nao ni karama ya Mungu. Ni kweli. Kutoka 31 chamtaja Bezaleli, fundi aliyejazwa roho ya Mungu kwa kazi ya mikono. Na baba yetu Luther, aliporudi Wittenberg mwezi wa Machi 1522 na kuhubiri siku nane mfululizo, aliwakemea waliobomoa sanamu kwa jeuri, akifundisha kwamba kitu kiondolewe kwanza moyoni kwa njia ya Neno. Kwa hiyo hatumwambii mkusanyaji avunje chombo chake. Twamwomba akitie maji. Chombo cha Friberg chenye tawi moja la maua, katika chumba ambamo watu wanakula na kuzungumza, kinamheshimu Friberg kuliko kilicho nyuma ya kioo na taa.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba chombo cha Temeke, vyombo vya wafanyakazi vya Kåge na bakuli za Kunduchi vimepitia njia moja. Vilikuwa na kazi kati ya watu, vikatajwa bei, na vikawekwa mahali ambapo kazi ile haiwezekani. Tungependa kupendekeza mambo matatu kwa wasomaji wetu.

Kwanza, mwanafunzi wa theolojia atakayetumwa kufanya kazi Dar es Salaam na aende Kunduchi, asimame mbele ya mashimo yale kwa adabu, kama asimamavyo mtu makaburini kwa jirani. Akiuzwa bakuli au kigae cha kale, akatae.

Pili, sharika zetu ziache kuuonea haya udongo wa nchi hii. Katika vilima vya Pugu, nje kidogo ya jiji, umo udongo mweupe wa kaolini, wa aina ile ile iliyo msingi wa kauri ya China. Asemaye kwamba kilichofinyangwa hapa hakistahili madhabahu hajui anachokikanyaga. Na mtungi wa mama mzee una andiko lake. Nabii Zekaria, katika sura ya 14:20-21, anaitazamia siku ambayo vyungu vya kupikia katika nyumba ya Bwana vitakuwa sawa na mabakuli yaliyo mbele ya madhabahu, na kila chungu katika Yerusalemu na Yuda kitakuwa kitakatifu. Nabii hasemi kwamba vyombo vya jikoni vitatolewa nje. Na neno lake la mwisho ni kwamba siku hiyo hatakuwamo tena kena'ani katika nyumba ya Bwana. Biblia yetu husema Mkanaani, lakini neno hilo la Kiebrania laweza pia kumaanisha mfanya biashara, yule ajuaye bei.

Tatu, chombo cha kijani kirudi madhabahuni, na mtungi ukae upande wake wa pili. Huenda kitavunjika. Huenda kitaibwa. Hatari hizo zilikuwapo tangu siku kilipowasili, na akina mama wa zamu walizibeba kila Jumamosi bila kuandikiwa kumbukumbu katika kikao.

Hadi tunapoandika haya, kabati lile bado limefungwa. Sisi tuliokuwapo hatukusema neno siku mtungi ulipoondolewa. Tulidhani ni jambo dogo la mapambo, ambalo mgeni hapaswi kuliingilia. Sasa tunaona kwamba mama yule mzee alikuwa amehubiri, na mahubiri yake yakatolewa nje. Tuliitafsiri bei mbele ya baraza la wazee, nasi tunadaiwa kurudi mbele ya baraza hilo hilo tulisome andiko la Zekaria, na mama yule akiwapo.